Tulipompa Komeo Migongo

Je, nilisahau, au nilichagua kusahau?

Nimejiuliza swali hilo darasani, nimejiuliza bafuni, nimejiuliza mbele ya sahani ya chakula kilichokataa kushuka, na bado sijapata jibu ambalo ningethubutu kulitamka mbele ya mama yangu.

Kwa msomaji anayetukuta njiani: mimi ni mwanafunzi wa sheria, mwaka wa pili, na ni katibu wa tawi la mashabiki ambao klabu yao ilinunuliwa na mtu asiyeipenda. Tunamwita Bwana Ghala, kwa kuwa uwanja wetu wa mazoezi aliugeuza ghala la vigae vyake, na leo wachezaji wetu hufanya mazoezi katika kiwanja cha shule ya msingi baada ya watoto kwenda makwao. Golikipa wetu, ambaye jukwaa zima linamwita Komeo, ni kaka yangu wa tumbo moja.

Wiki iliyopita mliniacha nikiwa nimesimama juu ya benchi, nikiwashawishi wenzangu tumgomee Bwana Ghala kwa namna ambayo hajapata kuiona. Kipindi cha pili kikianza, nilisema, sote tugeuke. Tuupe uwanja migongo. Ngoma zinyamaze. Kwa dakika kumi mtu huyu asikie jinsi klabu inavyokuwa bila watu wake.

Walinishangilia hadi vumbi la mbao la karakana tunamokutania likapaa. Walinibeba juu juu. "Wakili! Wakili!" waliimba, ingawa mahakama nimeiona kwa nje tu.

Jambo moja sikuwaambia wao, wala ninyi sikuwaambia.

Mashabiki wa timu nyingine hukaa nyuma ya goli la mpinzani ili waone mabao yakiingia. Sisi hukaa nyuma ya kipa wetu. Timu zikibadilishana upande wakati wa mapumziko, nasi tunahama, na ngoma zetu na bendera zetu, tukipita nyuma ya vyoo huku wapinzani wakituzomea: "Wakimbizi hao! Wamefukuzwa tena!"

Na mpiga ngoma wetu mkuu, tunayemwita Radi, ana kazi yake maalumu. Hatari ikija kutoka kushoto kwa Komeo, hupiga ngoma ndogo kwa pigo la haraka haraka. Ikija kutoka kulia, hunyamaza.

Kila mtu aliamini kwamba huo ulikuwa ushirikina wa kipa. Makipa, walisema, wote wana vituko vyao: huyu hubusu nguzo, yule hutema mate kwenye glavu, wetu anataka ngoma.

Haukuwa ushirikina. Kaka yangu haoni kwa jicho la kushoto.

Lilipigwa na kiatu cha mshambuliaji nilipokuwa bado nasoma sekondari, na tangu siku hiyo linaona mwanga tu, kama mtu anayetazama kupitia pazia zito. Tuliolijua jambo hilo tulikuwa watatu: yeye, mama na mimi. Hata Radi hakujua kwamba fimbo zake ndizo zilizokuwa jicho la mtu.

Ijumaa jioni, siku moja kabla ya mechi, tulikuwa sebuleni. Mama alikuwa akishona kidole cha glavu kilichofumuka. Mimi nilikuwa sakafuni, nikipaka rangi bango. Kaka alikuwa ameegemea mlango, anakula chungwa.

"Nasikia kesho mnanipa mgongo," alisema.

"Si wewe, kaka. Tunampa yeye."

"Yeye anakaa huko juu kwenye viti vya sponji. Aliye mbele ya migongo yenu ni mimi."

Nilicheka. Nikaendelea kupaka rangi.

Alimaliza chungwa lake. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia hali ya hewa: "Na ngoma nayo itanyamaza?"

Mama aliacha kushona.

"Dakika kumi tu, kaka."

"Haya," alisema. Akaingia ndani.

Mama alinitazama. Nami nilichovya brashi katika rangi na kumalizia herufi iliyobaki, kwa sababu herufi hiyo ilikuwa imenikaa vizuri sana.

Hayo ndiyo niliyoyaficha. Sasa tuendelee.

Kipindi cha pili kilianza tukiwa sare. Niliinua mkono, na jukwaa lote likageuka. Msomaji, sijapata kuona jambo la fahari kama lile: wazee wa magongo, akina mama na watoto mgongoni, vijana waliojichora nyuso, wote wametazama ukuta wa matangazo kana kwamba hakuna mechi. Radi aliweka fimbo zake chini. Ukimya ulitanda, na moyo wangu ukajaa kiburi hadi nikahisi unanibana.

Nyuma yetu mpira uliendelea. Nilisikia filimbi. Nilisikia beki wetu akiita. Nilisikia viatu vikija mbio, vikitokea upande wangu wa kulia, na kwa kuwa tulikuwa tumegeuka sikutambua upesi kwamba kulia kwangu ndiko kushoto kwa kaka.

Radi aligeuza shingo. Mazoea yalikuwa yakimvuta.

"Asigeuke mtu!" nilipiga kelele. "Radi, tazama ukutani!"

Alitii. Wote walitii.

Halafu ukaja ule mlio. Sitauelezea. Nitasema tu kwamba haukuwa mlio wa mpira.

Wapinzani walikuwa wakishangilia, kisha wakaacha ghafla, wote kwa pamoja. Umati ukikatiza furaha yake namna hiyo, hata aliyefumba macho anajua kuna mtu chini.

Nami bado nilikuwa nimeinua mkono.

Niliposhusha mkono hatimaye tukageuka, goli lilikuwa tupu. Palikuwa na glavu moja kwenye nyasi na wachezaji wa timu mbili wakiwa wameshika vichwa. Komeo alikuwa ameshatolewa.

"Ameondolewa na nani?" watu waliulizana. "Gari la wagonjwa liko wapi?"

"Hakuna gari! Bwana Ghala amelikata, anabana matumizi!"

"Nimesikia ameachwa anavuja damu nje pale, jamaa anatazama tu!"

"Nani kakwambia?"

"Watu wanasema!"

Watu wenyewe walikuwa sisi. Tulikuwa jukwaa zima la mashahidi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameona chochote.

Nilifika hospitalini nikiwa bado na rangi ya bango kwenye kucha. Kwenye benchi la nje ya wodi ya wanaume alikuwa ameketi mtu mnene aliyevaa shati la bei, na shati lile lilikuwa limelowa damu kuanzia kifuani hadi kiunoni.

Alikuwa Bwana Ghala.

Nimemwandikia mtu yule mabango yasiyofaa kusomwa mbele ya watoto. Hata hivyo, malezi ni malezi.

"Shikamoo," ilinitoka kabla sijaizuia.

"Marahaba, binti. Wewe ndiye mdogo wake, yule katibu?"

"Ndiye mimi."

"Kaa."

"Nitasimama."

"Simama basi, miguu ni yako." Alijifuta uso kwa kitambaa. "Nimemleta kwa gari langu. Alinilalia hapa kifuani njia nzima. Mama yenu yuko ndani naye."

Nilitaka kumshukuru, na nilitaka kumchukia.

"Gari la wagonjwa lilikuwa wapi?" niliuliza hatimaye.

"Halikuwepo. Hilo nilaumu, ni langu. Daktari wa timu naye alipoondoka sikuajiri mwingine. Hilo nalo ni langu." Aliinamisha kichwa, kisha akaniangalia kwa jicho la mfanyabiashara. "Lakini daktari wa hapa ameniambia jambo ambalo si langu. Jicho la kushoto lile halikuumia leo. Limekufa zamani. Ulijua?"

Nilikwangua rangi iliyokuwa kwenye kucha.

"Nimekuuliza, binti."

"Nilijua."

"Na ngoma ile?"

"Nilijua."

Alitoa pumzi ndefu, akakunja kitambaa chake mara mbili, nami nikadhani ataniacha niende. Kumbe alikuwa anapiga mahesabu.

"Sikiliza. Mimi nikilisema hili, kaka yako hatasajiliwa na timu yoyote, hata ya mchangani. Kipa wa jicho moja! Wataandika hadi vichekesho. Lakini naweza nisilisikie. Daktari ni msiri, nami ni msiri. Wewe nenda kawatulize watu wako. Hakuna mgomo, hakuna mabango, hadi msimu uishe. Kila mtu abaki na chake."

"Na uwanja wetu wa mazoezi?"

"Vigae viko humo, mama. Unataka nivihamishie kwenu sebuleni?"

Alisimama na kunyoosha shati lake lililokauka damu. "Najua mna mkutano kesho. Nitasikia tu mmeamua nini."

Ndani, kaka alikuwa amefungwa bandeji kuanzia utosini hadi kidevuni, na jicho lake zima ndilo lililoachwa wazi. Mama aliketi kichwani pake, akimnywesha maji kwa kijiko. Aliponiona aliniachia kiti, akatoka. Alinipita bila kunigusa bega. Kila siku hunigusa bega.

"Kaka."

"Wakili," alisema. Maneno yalimtoka kwa shida. Taya lilikuwa limevunjika. "Mmeshinda?"

"Usinitanie."

"Goli liliingia?"

"Sijui. Nilikuwa nimetazama ukuta."

Alijaribu kucheka, ikamuuma. Mimi nililia, na yeye, aliyelala pale amevunjika, ndiye aliyenipapasa mkono.

"Nyamaza. Ni mimi nilitoka golini vibaya."

"Uliniuliza kuhusu ngoma, kaka. Uliniuliza nikakujibu kama mtu aliyeulizwa saa."

"Ningeweza kusema waziwazi, sikusema. Wewe ona haya yako nami nione yangu, tugawane." Kisha akanivuta karibu. "Mnene kakwambia masharti yake?"

"Amekwambia nawe?"

"Kaniambia hapahapa kitandani, mama hajafika, anadhani nimezimia. Alikuwa anajisemea peke yake." Alikaza vidole vyake. "Kubali."

"Kaka, daktari anasemaje?"

"Taya litaunga."

"Kuhusu jicho lililobaki, anasemaje?"

Alitazama dari.

"Anasemaje, kaka?"

"Anasema kishindo kingine kama hiki, basi. Nitakuwa nashikwa mkono kuvuka barabara." Alisema haraka, kama anayetema kitu kichungu. "Lakini hakitatokea. Radi atapiga, mtakaa mnanitazama, nitadaka miaka yangu miwili mitatu iliyobaki niondoke kwa heshima. Sina kazi nyingine, mdogo wangu. Sina hata jina lingine. Mtaani hapa nani ananiita jina langu? Mimi ni Komeo. Ukilisema hili jicho, umenizika ningali napumua."

"Kaka..."

"Niahidi."

"Sawa, kaka."

"Sema umeniahidi."

"Nimekuahidi."

Nilikuwa nimeshamtenda ubaya mmoja kwa kunyamazisha ngoma. Sasa nilikuwa nimeahidi kumtenda wa pili kwa kunyamaza mwenyewe, na safari hii yeye ndiye aliyeniomba.

Mkutano wetu hufanyika katika karakana ya Mwenyekiti, ambaye ni seremala. Tunakaa juu ya vitanda visivyo na magodoro na milango isiyo na nyumba. Siku hiyo watu walikuwa wamejaa hadi nje, na hewa ilikuwa ya moto kwa hasira kuliko kwa jua.

Nilikuwa nimepanga maneno yangu njiani. Ningesema tusitishe mgomo kwa heshima ya mgonjwa. Ningesema tumpumzishe Komeo kelele. Maneno mazuri, yenye adabu, yaliyopigwa pasi.

Mwenyekiti hakunipa nafasi ya kuyatoa. Alinishika mkono, akanipandisha juu ya meza yake ya randa na kunikabidhi karatasi.

"Tamko lipo tayari, Wakili. Wewe lisome, maana ni damu yako. Ukimaliza tu, tunatoka."

"Tunakwenda wapi?"

"Ghalani!" walijibu kabla yake. "Leo vigae vitalia!"

Nililipitishia jicho tamko lile. Lilisema kwamba Bwana Ghala alimlazimisha Komeo kucheza akiwa mgonjwa. Lilisema alizuia machela. Lilisema alisimama akimtazama kipa wetu akivuja damu, akapanda gari lake na kuondoka.

"Mwenyekiti," nilisema kwa sauti ya chini, "haya nani aliyaona?"

"Kila mtu anajua."

"Nauliza nani aliona."

"Mwanangu, hapa si chuoni. Soma."

"Aliondoka na gari kwa sababu kaka alikuwa ndani ya gari. Yeye ndiye aliyempeleka hospitali."

Mwenyekiti alinitazama kama niliyemtukania mzazi. "Basi usiliseme hilo," alininong'oneza. "Angalau leo. Watu hawa tumewawasha moto wewe na mimi. Ukiuzima ghafla watatuunguza sisi."

Hapo ndipo Radi alipojipenyeza mbele. Alikuwa hana ngoma. Mkononi alikuwa na nyundo kubwa ya kubomolea, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Wacha nitangulie mimi," alisema. "Jamani, niacheni nitangulie. Nilimsikia yule mshambuliaji anakuja. Miaka yote nampigia Komeo, siku moja nimeweka fimbo chini, na siku hiyohiyo anaumia. Watu wanacheka ushirikina. Mimi sicheki tena. Mkosi huu nimeuleta mimi, na nitaulipa kule ghalani, hata nikiishia rumande."

"Si mkosi wako, Radi!" mtu mmoja alimfariji. "Ni wa yule mnene!"

"Twendeni!"

"Wakili, soma tuondoke!"

Nilimtazama Radi. Nilimkumbuka akigeuza shingo, na sauti yangu ikimrudisha ukutani. Mtu huyu alikuwa anakwenda kuvunja milango kwa ajili ya kosa ambalo nililijua kwa jina, mahali na saa. Na kaka yangu alikuwa amelala kule akisubiri kurudi golini, kulichezea kamari jicho lake la mwisho, na njia aliyohitaji ni kimya changu tu.

Nilikunja karatasi.

"Sikilizeni," nilisema.

"Soma!"

"Sitalisoma."

Kelele zilipanda kisha zikashuka, jinsi maji yanavyofanya sufuriani ukiondoa mfuniko.

"Kanunuliwa huyu!" sauti moja ilitoka nyuma. "Kaonekana hospitali, kasimama na yule mnene, wanaongea kama mtu na mjomba wake!"

"Nilisimama naye, ni kweli," nilijibu. "Alinitaka niwatulize hadi msimu uishe, naye anifichie jambo. Nilikuja hapa nikiwa tayari kukubali. Nimeghairi."

"Akufichie jambo gani?"

Mwenyekiti alinivuta pindo la gauni. "Shuka, mwanangu. Shuka."

Sikushuka.

"Radi, weka nyundo chini. Hukuleta mkosi wowote. Kaka yangu haoni kwa jicho la kushoto. Ngoma yako ndiyo iliyokuwa ikimwambia mpira unatokea wapi. Wewe hukujua. Mimi nilijua, aliniuliza kama itanyamaza, nami nikainyamazisha. Ulipotaka kugeuka, nilikuzuia mimi. Bwana Ghala ametunyang'anya uwanja, na hilo tutamdai mchana kweupe, kwa ukweli. Lakini Komeo hakuumizwa na Bwana Ghala."

Hakuna aliyepiga kelele. Nilitamani wapige.

Radi alikuwa bado ameshika nyundo, ikining'inia tu, kama mzigo alioachiwa na mtu. "Kaka yako amekuruhusu kusema hili?" aliuliza.

"Hapana. Nilimwahidi kwamba sitasema."

"Basi sasa?"

Nilishuka mezani. Watu walinipisha, si kwa heshima. Walinipisha kama anavyopishwa mtu aliyebeba kitu kinachovuja.

"Sasa nauacha ukatibu, leo hii," niliwaambia. "Na ninakwenda wodini, nimwambie kaka yangu kwa mdomo wangu kwamba nimeivunja ahadi, na kwamba hatadaka tena."